Utawala usio kamili

Utawala usio kamili (pia: utawala nusu) ni hali katika jenetikia ambapo kiumbe aliyerithi aleli mbili tofauti za jeni moja huonyesha sifa iliyo katikati ya sifa za wazazi wake, badala ya kufanana na mmoja wao. Mfano unaojulikana zaidi ni rangi ya maua: mmea wa maua mekundu ukichavushwa kwa chavua ya mmea wa maua meupe wa spishi ileile, watoto wote hutoa maua ya pinki.

Hata hivyo jambo lenye uzito zaidi halimo katika kizazi hicho cha pinki, bali katika kizazi kinachofuata. Mimea ya pinki ikizalishwa yenyewe kwa yenyewe, wekundu na weupe hurudi ukiwa safi kama ulivyokuwa kwa mababu, na pinki hubaki kwa takriban nusu tu ya mimea. Kwa hiyo hali ambayo kwa macho inaonekana kama mchanganyiko wa rangi za kupaka ukutani ni mojawapo ya ushahidi ulio wazi kabisa kwamba urithi hauchanganyiki.

Maneno ya msingi

Mimea mingi, kama wanyama wengi, hubeba nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa kila mzazi. Jeni moja inaweza kuwa na namna mbalimbali, na kila namna huitwa aleli. Kiumbe mwenye aleli mbili zinazofanana huitwa homozigoti. Mwenye aleli mbili tofauti huitwa heterozigoti. Jumla ya aleli alizonazo ni jenotaipu yake, na kile kinachoonekana nje, kwa mfano rangi ya ua, ni fenotaipu.

Katika utawala kamili, heterozigoti hawezi kutofautishwa kwa macho na homozigoti wa aleli tawala. Aleli ya pili ipo, lakini imejificha. Ndiyo maana huitwa aleli fiche. Katika utawala usio kamili hakuna aleli inayojificha kabisa, na heterozigoti ana sura yake mwenyewe.

Kwa sababu hiyo desturi ya kuandika aleli tawala kwa herufi kubwa na aleli fiche kwa herufi ndogo haifai sana hapa, kwa kuwa humfanya msomaji adhani kwamba kuna mshindi. Makala hii hutumia N kwa aleli ya wekundu na E kwa aleli ya weupe.

Uwiano wa 1:2:1

Mzazi mwekundu (NN) anaweza kutoa gameti zenye N tu, na mzazi mweupe (EE) gameti zenye E tu. Watoto wao, yaani kizazi cha kwanza cha chotara, wote ni NE, na wote ni pinki. Haijalishi ni mzazi yupi alitoa chavua na yupi alibeba mbegu.

Chotara NE hutoa gameti za aina mbili kwa idadi sawa. Chotara wawili wakizalishwa, gameti hukutana kwa bahati kama inavyoonyeshwa katika mraba wa Punnett, uliopewa jina la mwanajenetikia Mwingereza Reginald Punnett:

| | N | E |
|---|---|---|
| N | NN (nyekundu) | NE (pinki) |
| E | NE (pinki) | EE (nyeupe) |

Robo ya watoto ni wekundu, nusu ni pinki na robo ni weupe. Katika utawala kamili mgawanyo huuhuu wa jenotaipu ungeonekana kama 3:1, kwa sababu NE wangefanana na NN. Hapa uwiano wa fenotaipu ni uleule wa jenotaipu, na mtu anaweza kusoma jenotaipu ya mmea kwa kutazama ua lake tu. Hahitaji kuuzalisha kwanza na mmea fiche ili kujua umebeba nini.

Mizalisho mingine hufuata mantiki hiyohiyo. Pinki kwa nyeupe hutoa nusu pinki na nusu nyeupe, bila hata mmoja mwekundu. Pinki kwa nyekundu hutoa nusu pinki na nusu nyekundu. Nyeupe kwa nyeupe hutoa nyeupe tu, hata kama babu na bibi wa pande zote walikuwa pinki. Wanafunzi wengi hukwama kwenye mfano huo wa mwisho, wakidhani kwamba wekundu wa mababu lazima "umebaki kidogo kwenye damu". Haukubaki: mmea EE hauna N, basi.

Kosa lingine la kawaida ni kudhani kwamba mbegu nne za mmea wa pinki zitatoa kwa hakika mmea mmoja mwekundu, miwili ya pinki na mmoja mweupe. Uwiano ni suala la bahati nasibu katika kila mbegu. Ukipanda mbegu nne tu, uwezekano wa kupata mgawanyo huo hasa wa 1:2:1 ni 12/64, yaani chini kidogo ya asilimia 19, na uwezekano wa kukosa mmea mwekundu kabisa ni takriban asilimia 32. Ni pale tu mimea inapokuwa mingi, kwa mamia, ndipo hesabu husogea karibu na robo, nusu na robo.

Mirabilis jalapa

Mmea uliotumika katika vitabu vingi kueleza jambo hili ni Mirabilis jalapa, asili yake maeneo ya joto ya Amerika, ambao sasa hupandwa kama pambo katika nchi nyingi za joto, Afrika ya Mashariki ikiwemo. Una mizizi minene kama kiazi na mbegu nyeusi zenye mikunjo. Maua yake hufunguka alasiri na kunyauka asubuhi inayofuata. Jina lake la Kiingereza humaanisha "saa kumi" kwa sababu hiyo. Harufu yake ya usiku huvutia nondo wenye mirija mirefu.

Sehemu yenye rangi ya ua hili, ambayo kila mtu huiita petali, kwa kweli ni sepali zilizoungana; petali hazipo. Kwa anayetaka kufanya majaribio kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, kila ua hutoa mbegu moja tu, kwa hiyo kupata mbegu mia kunahitaji kuchavusha maua mia na zaidi. Pili, ua lisilotembelewa na nondo hujichavusha lenyewe linapojikunja kufunga. Stameni lazima ziondolewe kabla ua halijafunguka, na ua lifunikwe, la sivyo mjaribio atahesabu watoto wa mzazi mmoja akidhani ni chotara.

Lazima isemwe pia kwamba mfano wa nyekundu, nyeupe na pinki ni picha iliyorahisishwa. Mirabilis jalapa wa bustanini ana pia maua ya njano, ya machungwa na ya rangi kali ya damu ya mzee, na mara nyingi ua moja huwa na mabaka au mistari ya rangi mbili. Zaidi ya jeni moja huhusika. Uwiano safi wa 1:2:1 hupatikana pale wazazi waliochaguliwa wanapotofautiana katika jeni moja tu ya rangi. Mtu akiokota mbegu mbili barabarani na kuzalisha mimea yake asishangae akipata kitu kingine.

Historia

Katika karne ya 19 wanasayansi wengi, pamoja na wafugaji na wakulima, waliamini kwamba sifa za wazazi huchanganyika ndani ya mtoto kama maziwa na chai. Imani hiyo ilikuwa na mashiko: mtoto wa mrefu na mfupi mara nyingi huwa wa kimo cha kati, na chotara wa maua mekundu na meupe mara nyingi huwa pinki.

Lakini imani hiyo ilikuwa hatari kwa nadharia ya Charles Darwin ya uteuzi asilia. Mwaka 1867 mhandisi Fleeming Jenkin alionyesha tatizo katika mapitio yake ya kitabu cha Darwin. Kama urithi ni kuchanganyika, sifa mpya nzuri inayotokea kwa kiumbe mmoja hubaki nusu kwa watoto wake, robo kwa wajukuu, sehemu moja ya nane kwa vitukuu, na baada ya vizazi vichache imeyeyuka ndani ya wengi kabla uteuzi haujapata nafasi ya kuikuza. Hoja hiyo ilimsumbua Darwin, na hakuwa na jibu la kutosha, kwa sababu hakujua urithi hufanyaje kazi.

Jibu lilikuwa limeshachapishwa. Gregor Mendel, mtawa wa Brno katika Dola la Austria (leo Ucheki), alizalisha njegere kuanzia 1856 hadi 1863 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1866. Katika jaribio lake la rangi ya maua, kizazi cha pili kilikuwa na mimea 705 ya maua ya zambarau na 224 ya maua meupe, karibu na 3:1. Njegere zake zilionyesha utawala kamili, na hilo halikuwa bahati tu: alichagua kwa makusudi sifa saba zilizotofautiana waziwazi. Mwenyewe alijua kwamba si sifa zote zina tabia hiyo. Katika makala ileile alieleza kwamba alipozalisha maharagwe ya maua meupe na mengine ya maua ya rangi ya zambarau-nyekundu, watoto walitoa rangi za ngazi nyingi, kutoka zambarau hadi urujuani hafifu na nyeupe. Alipendekeza kwamba huenda rangi hiyo imeundwa na vipengele viwili au zaidi vinavyorithiwa kila kimoja peke yake, wazo ambalo baadaye lilionekana kuwa sahihi.

Kazi ya Mendel haikupewa uzito hadi mwaka 1900, ilipoibuliwa upya na Hugo de Vries wa Uholanzi, Carl Correns wa Ujerumani na Erich von Tschermak wa Austria. Kati yao ni Correns aliyesisitiza mapema kwamba utawala si sheria ya jumla. Alifanya kazi kwa miaka mingi na Mirabilis jalapa, na chotara zake za pinki zikawa mfano wa kawaida wa vitabuni.

Umuhimu wake ulikuwa huu. Kizazi cha kwanza cha Correns kilionekana kuwapa haki walioamini kuchanganyika. Kama wangekuwa na haki kweli, kizazi cha pili kingekuwa pinki chote, kwa kuwa rangi zikishachanganyika hazitenganishwi tena. Lakini robo ya mimea ilikuwa nyekundu na robo nyeupe, bila doa la upande wa pili. Aleli ya weupe ilikuwa imekaa ndani ya mmea wa pinki pamoja na aleli ya wekundu, na ikatoka kama ilivyoingia. Kwa njia hiyo tatizo la Jenkin likaondoka: aleli mpya haiyeyuki, hata pale matokeo yake yanapoonekana kufifia.

Mmea huohuo ulimpa Correns pia mfano unaokwenda kinyume na sheria za Mendel. Baadhi ya Mirabilis huwa na matawi ya majani ya kijani, meupe na yenye mabaka. Mwaka 1909 alieleza kwamba rangi ya majani ya mche hutegemea tawi lililobeba mbegu tu. Chavua haina athari. Leo inajulikana kwamba sababu ni DNA iliyomo ndani ya plastidi, ambazo hurithiwa kupitia yai. Miche meupe kabisa hufa, kwa kuwa haina klorofili.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Erwin Baur, pia Mjerumani, alitumia Antirrhinum majus, ua la bustani lenye asili ya nchi za Mediteranea ambalo likibonyezwa pembeni hufunguka kama kinywa. Spishi hii nayo hutoa chotara za pinki kutoka kwa nyekundu na nyeupe. Baur aligundua pia mimea yenye majani ya kijani-njano ambayo, ikizalishwa yenyewe, ilitoa uwiano wa 2:1 badala ya 1:2:1. Robo iliyokosekana ilikuwa ya homozigoti waliokosa klorofili, nao walikufa wakiwa wadogo mno kuhesabiwa.

Kwa nini nusu?

Rangi za maua hutokana na pigmenti. Katika Antirrhinum nyekundu na zambarau hutokana na antosianini. Katika Mirabilis hutokana na kundi tofauti liitwalo betalaini, lilelile linaloipa biti rangi yake. Kila pigmenti hutengenezwa kwa mfululizo wa hatua, na kila hatua huendeshwa na kimeng'enya kilichoandikwa na jeni fulani. Aleli ya weupe kwa kawaida ni nakala iliyoharibika, isiyotoa kimeng'enya kinachofanya kazi. Heterozigoti ana nakala moja nzima, kwa hiyo mara nyingi hupata takriban nusu ya kimeng'enya.

Hapo swali la kweli si kwa nini chotara wengine ni pinki, bali kwa nini wengi si pinki. Mwaka 1981 Henrik Kacser na James Burns walitoa jibu linalokubalika na wengi. Katika mfululizo mrefu wa hatua, kasi ya mfululizo mzima haitegemei kimeng'enya kimoja peke yake, kwa hiyo kupunguza kimoja kwa nusu kwa kawaida hupunguza zao la mwisho kidogo sana. Ni kama barabara ya njia nne: kufunga njia moja pale ambapo magari ni machache hakumcheleweshi mtu. Rangi hupungua waziwazi pale tu hatua inayohusika ndiyo penye msongamano.

Njegere ya Mendel ni mfano mzuri wa upande wa pili. Mwaka 2010 jeni yake ya rangi ya maua ilitambuliwa: haitengenezi pigmenti yenyewe, bali huandika protini inayowasha jeni nyingine za antosianini. Nakala moja nzima inatosha kuziwasha, na maua huwa ya zambarau kamili.

Jeni moja inaweza kuwa na tabia zote mbili. Katika Antirrhinum jeni iitwayo nivea huandika kalkoni sinthasi, kimeng'enya cha mwanzo wa njia ya antosianini, na mmea usio nacho hutoa maua meupe kabisa. Aleli nyingi zilizoharibika za nivea ni fiche, ilhali chache hupunguza rangi hata zikiwa pamoja na aleli nzima. Kwa hiyo utawala si sifa ya jeni, wala ya aleli moja. Ni uhusiano kati ya aleli mbili.

Unategemea pia kipimo kinachotumika. Kwa macho, njegere laini ya heterozigoti haitofautiani na njegere laini ya homozigoti, na Mendel aliihesabu hivyo. Chini ya hadubini chembe zake za wanga ni za umbo la kati.

Tofauti na utawala pamoja

Utawala usio kamili huchanganywa mara nyingi na utawala pamoja, ambapo aleli zote mbili huonekana kikamilifu kwa wakati mmoja, kama kundi la damu AB kwa binadamu, ambalo lina antijeni A na antijeni B zote mbili.

Baadhi ya vitabu vya shule hutoa maua yenye mabaka mekundu na meupe kuwa mfano wa utawala pamoja. Mfano huo si salama. Mabaka ya maua mara nyingi husababishwa na jeni ruka, yaani vipande vya DNA vinavyohama na kuiwasha au kuizima jeni ya rangi katika baadhi ya seli, au na virusi. Tulipu zenye mistari zilizouzwa kwa bei kubwa mno Uholanzi katika karne ya 17 zilikuwa mimea iliyoambukizwa virusi.

Nje ya maua

Kuku wa Andalusia wa rangi ya buluu-kijivu ni heterozigoti. Wakizalishwa wao kwa wao hutoa robo weusi, nusu buluu na robo weupe wenye madoa. Mfugaji anayetaka kuku wa buluu tu hawezi kupata ukoo safi, kwa sababu buluu haiwezi kuwa homozigoti. Njia yake pekee ya kupata vifaranga wote wa buluu ni kuzalisha weusi na weupe.

Kwa binadamu, selimundu huonyesha jinsi jibu linavyobadilika kulingana na kinachopimwa. Aliyerithi aleli moja ya selimundu kwa kawaida si mgonjwa, kwa hiyo ugonjwa wenyewe huhesabiwa kuwa fiche. Lakini damu yake ina himoglobini za aina zote mbili, na seli zake zinaweza kujikunja oksijeni ikipungua sana, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko za mgonjwa. Mtu huyo pia ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, jambo lililoonyeshwa na Anthony Allison mwaka 1954 kutokana na utafiti wake Afrika ya Mashariki.

Katika kilimo cha maua

Anayependa mmea wa pinki wa aina NE hawezi kuutunza kwa mbegu. Mmea ukijichavusha, nusu tu ya watoto watakuwa pinki. Wakiachwa kujichavusha tena, pinki itakuwa robo, kisha sehemu moja ya nane, na kadhalika, huku nyekundu na nyeupe zikiongezeka. Ana njia mbili: kuzalisha upya kila msimu kutoka kwa wazazi safi, mwekundu na mweupe, na kuuza mbegu za kizazi cha kwanza; au kuacha mbegu kabisa na kutumia vipandikizi, kwani tawi lina jenotaipu ileile ya mmea lilikokatwa.

Njia ya pili ndiyo ya waridi. Waridi za biashara, zikiwemo zinazolimwa kando ya Ziwa Naivasha nchini Kenya kwa ajili ya soko la Ulaya, huzidishwa kwa vipandikizi au kwa kuunganisha chipukizi kwenye shina la waridi nyingine. Waridi nyingi za kisasa zina nakala nne za kila jeni badala ya mbili. Kwa jeni moja yenye utawala usio kamili, mmea wa namna hiyo unaweza kuwa na aleli za wekundu 4, 3, 2, 1 au usiwe nayo kabisa, kwa hiyo kati ya nyekundu na nyeupe kuna nafasi ya pinki za ngazi tatu, na mbegu za waridi moja ya pinki hutawanyika mbali zaidi kuliko 1:2:1.